Kidole cha mzee

Jana binti yangu kaniuliza, baba, mbona huu mto umekatikakatika? Kumbe kaifukua ile kopi ya ramani ya New Mexico, Marekani, kwenye mafaili yangu. Nikamwambia huo ni mto wa msimu, vipande na nukta za bluu maana yake mvua ikinyesha unapita, isiponyesha ni mchanga tu. Akaridhika akaenda zake, mimi nikabaki na yule mzee wa ng'ombe kichwani.

Ni enzi za ile kazi ya visima. Asubuhi nzima mimi na huyo mzee tulizunguka Jornada del Muerto, lile jangwa tambarare, na pikapu, vumbi mpaka masikioni, basi. Mchana tukatandaza ramani juu ya boneti, ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, 1:62,500, yaani inchi moja karibu maili moja, nikabana kona zake na viwiko upepo usiibebe. Mi nilikuwa natafuta vinu vya upepo tu, maana nchi kavu vile penye kinu ndo pana kisima, na penye kisima ndo mtu kaweza kufuga. Mzee wala hakuangalia visima. Alivaa miwani, akaweka kidole kwenye tambarare pale kontua, ile mistari ya mwinuko, zilipoachana, akaanza kukisogeza mashariki taratibu, kontua zikawa zinasogeleana, kahawia juu ya kahawia, mpaka chini ya milima ya San Andres. Kikasimama kwenye kimraba cheusi, alama ya nyumba, kidogo kama punje ya mtama.

"Hapa ndo jikoni kwa mama."

Halafu akanionyesha zizi, mti wa kivuli, njia ya shule, na nusu ya hivyo hata havikuchorwa.

Mwaka 1942 jeshi liliwahamisha wafugaji wa huko, wakijua vita ikiisha watarudi. Hawakurudi, leo ni White Sands, wanajaribia makombora. Tena lile bomu la kwanza la nyuklia, Julai 1945, kiini chake kiliungwa ndani ya nyumba ya ranchi waliyohamishwa watu. Kwenye toleo jingine la baadaye nililokuwa nalo, kile kimraba hakimo.

Nikampa ile ramani yenye kimraba. Hakusema asante, aliikunja akaisukuma chini ya kiti, akaniuliza, "Visima vyako umeviona?" Sijui nilimpa zawadi au nilimtonesha kidonda. Bosi ndo alinuna, eti mali ya ofisi, mpaka nilipomwonyesha kwamba USGS wameskani ramani zao kuanzia za 1884, unadaunlodi bure.