Nilivyoipima wiski ya asilimia 60 kwa sirinji ya dawa ya mtoto

Wiski nyingi za Uskoti hutiwa maji kiwandani kabla ya kufungwa chupani, zikashushwa hadi asilimia 40 au 43 ya kileo. Zile za nguvu ya pipa huachwa na ukali wake, mara nyingi zaidi ya asilimia 55, na kazi ya kutia maji anaachiwa mnywaji. Wapo wanaoiona kazi hiyo kama adhabu. Kwangu ndiyo sababu hasa ya kununua chupa ya aina hiyo, maana ukiipunguza kwa kipimo unaigundua wiski ilivyo ndani, na ukali hauna tena pa kuificha.

Chupa ninayoizungumzia ni Glenfarclas 105. Naishi Aberdeen, na kiwanda chenyewe kiko upande wa magharibi kwetu, katika eneo la Speyside, chini ya mlima Ben Rinnes. Ukoo wa Grant wanakimiliki tangu mwaka 1865, na vyungu vyao vya kuchemshia bado vinawashiwa moto chini, wakati viwanda vingi vimeshahamia kwenye mvuke. Kikundi chetu cha Wakenya na Watanzania wa hapa tulichanga tukainunua, nikapewa jukumu la kusema kama pesa yetu imekwenda mahali pake. Sababu ya kuteuliwa mimi, kwa maneno ya kaka mmoja wa Murang'a, ni kwamba nina pua ya kugundua maharage yanaungua kabla mpishi hajajua.

Nilianza na lebo. Hiyo 105 si umri wala asilimia. Ni kipimo cha zamani cha Waingereza ambacho 100 yake ni kama asilimia 57 ya kileo, hivyo 105 ni asilimia 60. Inasimuliwa kwamba enzi hizo baruti ilimwagiwa pombe kisha ikawashwa. Baruti ikishika moto, pombe ni kali ya kutosha na ushuru wake unapanda. Nilipowaeleza wenzangu hawakushangaa hata kidogo, kwa kuwa kwetu gongo na chang'aa hupimwa kwa kiberiti.

Jambo la pili kwenye lebo lilinifikirisha zaidi. Chupa yetu haikuandikwa umri. Wiski ya Uskoti kwa kawaida huingizwa pipani ikiwa na asilimia 63.5 hivi, na kwa hali ya hewa ya unyevunyevu ya huku, kileo hupungua taratibu kadiri miaka inavyokwenda. Pipa likikaa muda mrefu mno, ukali hushuka sana. Kwa hiyo anayejisifu kwamba chupa yake ina asilimia 60 huenda anajisifu kwa ujana wa wiski yake. Sisemi ujana ni kasoro. Sheria inadai miaka 3 tu ndani ya pipa la mwaloni, na wapo vijana watamu. Nasema tu kwamba namba kubwa haithibitishi ubora, na nimechoka kusikia watu wakiinunua namba.

Siku ya kuonja sikula pilipili, sikujipulizia manukato. Nilitumia bilauri ya Glencairn, ile yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, kwa sababu inakusanya harufu mahali pamoja. Nikamimina mililita 30, nikaiacha ikae huku tukipiga soga.

Kunusa wiski ya ukali huu kunahitaji adabu. Ukizamisha pua ndani ya bilauri, mvuke wa kileo unaichoma na kwa dakika kadhaa hutanusa kitu kingine chochote. Mimi huishika bilauri usawa wa kidevu, mdomo ukiwa wazi kidogo, nikaiacha harufu ipande yenyewe, kisha naisogeza pole pole hadi inapoanza kuuma. Pale inapoanza kuuma ndipo ninaposimama. Kwa asilimia 60 kamili nilipata polishi ya fanicha kwanza, halafu zabibu kavu, na nyuma kabisa mbao zilizotoka kukatwa. Hizo zabibu zinatoka kwenye pipa: Glenfarclas wanasifika kwa mapipa yaliyowahi kukaa divai ya sheri kutoka Hispania, hasa ile nyeusi iitwayo Oloroso.

Tone la kwanza mdomoni sikulihukumu. Lile ni la kuuzoesha ulimi, na chochote utakachokisema baada yake ni malalamiko tu. Dada mmoja aliyekunywa kama anakunywa soda alikohoa, akauliza kama hii si ya kusafishia vidonda. Tone la pili, dogo, lililozungushwa mdomoni taratibu kabla ya kumezwa, ndilo lililoleta habari: utamu mzito wa sukari guru, kisha moto, kisha ukavu wa mwaloni kwenye fizi.

Sasa maji. Ushauri unaosikika kila mahali ni kutia matone machache mpaka ujisikie vizuri. Ushauri huo unafaa kwa kunywa, lakini kwa kupima haufai, kwa sababu kesho hutajua ulitia kiasi gani. Nilichukua sirinji isiyo na sindano, ile ya kumnyweshea mtoto dawa, na maji ya chupa yasiyo na harufu ya klorini. Hesabu ni nyepesi. Mililita 30 za wiski ya asilimia 60 zina mililita 18 za kileo. Ukitia mililita 5 za maji unashuka hadi karibu asilimia 51. Ukitia 10 unafika 45, na ukitia 15 uko kwenye 40, sawa na wiski ya kawaida ya dukani. Niliandaa bilauri nne za vipimo hivyo badala ya kuendelea kuongeza maji kwenye bilauri moja, ili niweze kurudi nyuma na kulinganisha. Waonjaji wenzangu waligawana zilizobaki, na hakuna aliyekuja na gari. Toti ya mililita 25 ya kitu hiki ina kileo mara moja na nusu ya toti ya kawaida, na kiwango kinachoruhusiwa kwa madereva wa Uskoti ni cha chini kuliko cha Uingereza tangu Desemba 2014.

Kwenye 51 wiski ilifunguka. Polishi ikatoweka, likaja ganda la chungwa, mdalasini, na tende zilizoiva sana. Kwenye 45 harufu ilikuwa pana zaidi, na hapo nikapata kungumanga na njugu za kukaanga, ingawa mdomoni uzito ulikuwa umeanza kupungua. Kwenye 40 mambo yaligeuka: utamu ulikimbia mbele, uchungu wa mbao ukabaki peke yake nyuma, kama chai iliyoachwa na majani kwenye birika.

Kuhusu kwa nini maji hufungua harufu, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus cha Sweden, Karlsson na Friedman, walichapisha kazi mwaka 2017 waliyoifanya kwa kompyuta. Walionyesha kuwa molekuli iitwayo guayakoli, mojawapo ya zinazoleta harufu ya moshi, hukaa karibu na uso wa kimiminika kileo kikiwa hadi asilimia 45, ila kikizidi 59 huzingirwa na kileo na kubaki ndani. Waliangalia molekuli moja tu, na chupa yetu haina moshi wa kutajika, kwa hiyo siitumii kama ushahidi wa kile nilichokinusa. Lakini inanipa sababu ya kutoamini pua yangu kwenye asilimia 60.

Hukumu niliyoipeleka kwa kikundi ilikuwa hii: wiski nzuri, iliyotengenezwa kwa pipa zuri, ila bado ina ncha ya ujana ambayo asilimia 60 inaifunika na asilimia 40 inaifichua. Mahali pake ni kati ya 48 na 51, yaani kijiko kimoja cha chai cha maji na kidogo juu yake kwa kila mililita 30. Ukiinywa hapo inastahili bei yake. Kaka wa Murang'a hakukubaliana nami. Anaitaka kavu bila tone la maji, na anadai mimi nimeharibu kitu kizuri kwa hesabu. Tulikubaliana kwamba chupa itakaa kwangu, wima na si kwa kulazwa kama divai, kwa kuwa kileo cha ukali huu kinakula kizibo, na kwamba sirinji itakuwa ya hiari.