Tenki la ba'mdogo na mabawa ya plastiki

Leo nimeshinda kwa fundi Chang'ombe, hii ya hapa Dodoma, toka saa tatu asubuhi mpaka jua linazama, nimekaa juu ya ndoo ya rangi naangalia mtu anakwangua tenki kwa msasa, na nimewaza kuhusu pikipiki kuliko nilivyowahi kuwaza siku zote. Naandika usiku huuhuu kabla halijanitoka.

Tenki lenyewe ni la Honda CG125 ya ba'mdogo. Alikuwa bwana mifugo, kazunguka nayo Bahi, Mundemu, mpaka Haneti, boksi la barafu la chanjo kalifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu, na sisi watoto tulikuwa tunaijua kabla haijafika, ukisikia tu ule mlio upande wa korongoni mnakimbizana kwenda kuondoa miiba mlangoni kwa zizi. Alipostaafu akaiweka stoo, kuku wakawa wanatagia kwenye siti. Mwaka jana akanikabidhi, akasema, "Mwanangu, ichukue, ila isije ikaishia kwenye skrepa." Sikumjibu kitu, nilishika tu hendeli.

Sasa fundi anakwangua, rangi ya juu ni bluu mbaya ya kupiga kwa brashi, chini yake ikatoka kijivu, chini ya kijivu ndo ikaanza kuonekana nyekundu yenyewe ya kiwandani. Pale magoti yanapobana tenki hakukuwa na rangi yoyote, chuma kitupu kimeng'aa kama sarafu ya zamani, kulia na kushoto, umbo la magoti ya mtu mmoja. Upande wa kushoto kuna bonde la ukubwa wa kiganja.

Fundi akaniambia, "Bosi, hii tuivishe upya. Nakupigia taa ile ya macho, hapa pembeni ya tenki tunaweka mabawa, mkia tunaunyanyua, mtu akiiona hawezi kujua ni ya zamani." Akaingia ndani akatoka na mabawa mawili ya plastiki nyeusi, bado yana nailoni. Nikayashika. Mepesi kama kifuniko cha hotipoti. Kwa mbele yana mdomo mkubwa kama wa kumeza upepo, nikageuza nyuma nione ule upepo ukishamezwa unaenda wapi. Hauendi popote, kwa ndani pameziba. Ni mdomo umechorwa tu kwenye plastiki.

Basi hapo ndo mawazo yalipoanzia. Manake kwenye pikipiki kubwa zinazopoozwa kwa maji yale mabawa yana kazi yake, yanakusanya upepo yanaupeleka kwenye rejeta, pale maji ya injini yanapopoozwa. Lakini hizi zetu za cc 125 na 150 nyingi hazina rejeta kabisa, injini inapoozwa na upepo mtupu kupitia yale mapezi mapezi ya chuma kwenye silinda, sasa bawa linampelekea nani upepo? Kitu kimekaa pale kufanana na kitu kingine chenye kazi. Mimi hilo ndo linaloniudhi kwenye dizaini nyingi za siku hizi, na nimejiuliza leo mchana kutwa kama ni uzee unaniingia au kuna ukweli ndani yake. Naona kuna ukweli.

Angalia CG yenyewe. Ilitoka mwaka 1976, na kabla ya kuichora wahandisi wa Honda walienda kuzunguka nchi za Asia kuangalia watu wanavyotumia pikipiki kiukweli, wakakuta mtu anapakia mzigo kupita uwezo, oili haibadilishwi mpaka iwe lami, cheni haijaguswa toka inunuliwe. Wakarudi wakachora chombo cha kuvumilia hayo. Kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, wakaishusha chini na valvu zikawa zinasukumwa kwa fimbo, mtindo ambao wakati ule wengi walishauona wa kizamani, ila hauna cheni ya taiming ya kulegea na hausumbui sana oili ikichelewa. Cheni ya nyuma wakaifungia kwenye kasha la chuma lililofunika juu na chini. Mtu wa mjini akiliona lile kasha anasema baya, limeficha cheni, pikipiki inaonekana ya mzee. Nenda nalo Bahi mwezi wa tisa uone, ule mchanga mwembamba kama unga wa uwele unaoingia mpaka kwenye saa ya mkononi, ndo utajua kwa nini ba'mdogo alikaa na cheni moja muda mrefu hivyo. Kwa hiyo mi nikiliangalia lile kasha naliona zuri. Uzuri wake umetokea kwenye kazi.

Na kinachonigusa zaidi ni kwamba injini ileile Wachina waliichukua wakaitengeneza kwa wingi, ndo hizi 125 za Kichina zilizojaa kwenye vijiwe vyetu. Fungua nyingi kati ya hizo utakuta fimbo zilezile. Yani chini ya mabawa na stika za moto na macho ya LED kuna mzee wa 1976 amekaa kimya anafanya kazi.

Mchana mpwa wangu alipita na boda yake, anapaki Nkuhungu, nikamwonyesha yale mabawa na yeye akayapenda palepale. Nikamuuliza kwa nini, akanijibu bila hata kufikiria, "Anko, we unaongelea injini, abiria haoni injini. Mtu ametoka nyumbani kapiga pasi anaenda Mtumba ofisini, tuko watatu tumesimama, atapanda yenye sura mpya. Hii ya babu atasema itamzimikia njiani." Nikanyamaza kidogo, manake ana hoja. Sura kwake ni hela ya hesabu, bosi wake jioni hataki kusikia habari za kasha la cheni. Dodoma ya leo siyo ile ya ba'mdogo, toka serikali ihamie mji umetanuka mpaka unapotea, Nzuguni, Ihumwa, kote lami na maghorofa, na watu wanataka chombo kinachofanana na mji wao. Silaumu.

Ila nikamwambia hebu lete hiyo yako niione. Bawa la kulia lilishapasuka, alianguka taratibu tu pale kwenye kokoto, spidi ya mtu anayetembea. Na unajua kaliunganishaje? Kachoma msumari kwenye moto, katoboa vitundu pande zote mbili za ufa, kashona kwa waya wa shaba, mshono umeenda zigizaga kama wa kiatu. Kashona vizuri sana. Nilipitisha kidole juu ya ule mshono nikamwambia hapa ndo pikipiki yako imependeza kuliko kwingine kote, akadhani namtania, lakini nilimaanisha, manake pale kuna mkono wa mtu na kuna shida iliyotatuliwa. Plastiki ikipasuka huwezi kuigonga ikarudi, unashona au unanunua nyingine. Bati likibonyea fundi anaingiza chuma kwa ndani anagonga polepole linanyooka.

Sitaki nieleweke kwamba nachukia plastiki, hapana. Honda Super Cub ya mwaka 1958 ilikuwa na ile ngao kubwa ya mbele ya miguu, na ile ni plastiki, na ni moja ya vitu vizuri zaidi vilivyowahi kuwekwa kwenye pikipiki. Inazuia tope na upepo visikufikie miguuni. Yule Fujisawa aliyekuwa anaendesha biashara ya Honda alitaka chombo ambacho kijana wa kupeleka tambi majumbani anaweza kukiendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika trei, ndo maana haina klachi ya mkono. Umbo zima limetoka hapo. Mwaka 2017 zilifika milioni 100, na mpaka leo ukiiona kwa mbali unaijua.

Wala sichukii makali. Watu wanadhani pikipiki zenye kona kona zimeanza juzi, wakati Suzuki Katana ilionyeshwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1980, kaichora Mjerumani Hans Muth na wenzake, na jina lenyewe ni upanga wa Kijapani. Mi nimeiona kwenye picha tu, ila kila nikiirudia naona mstari unaoanza puani unapanda kwenye tenki unashuka mpaka kwenye siti, mstari mmoja, hakuna kipande kilichobandikwa kikae bure. Sasa chukua hizi za leo uhesabu mistari upande mmoja tu wa pikipiki, kuna tenki, juu yake kava, pembeni yake bawa, kwenye bawa stika imechora bawa lingine, jicho halijui litue wapi.

Na hata wanaorudisha za zamani, maana naona sasa hivi kampuni karibu zote zinatoa taa za duara na tenki kama tone la maji, nako kuna kitu kinanikera. Triumph Bonneville ilizaliwa 1959, ikarudishwa 2001 na sura yake ileile, nzuri mno. Baadaye sheria za moshi zikabana wakaweka mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme, halafu ule mfumo wakauvisha umbo la kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa. Yani unaona kabureta, siyo kabureta. Nilivyojua nilikaa na simu mkononi sielewi nijisikieje. Naelewa walitaka moyo wa mtu usiumie akiangalia pale. Lakini ni yaleyale ya mdomo usiomeza upepo, tofauti ni kwamba huku wanaigiza uzamani na kule wanaigiza usasa.

Kuna jambo la siti pia, na hili siyo la ladha, ni la mama yangu. Alikuja toka Haneti mwezi wa nne kucheki presha, jirani yangu akajitolea kumpeleka na pikipiki yake mpya, ile ya mkia juu, siti ya nyuma kaupande kadogo kamenyanyuka kama kiota. Mama akashika bega la jirani, akainua mguu, ukagoma, akarudia, kitenge kikambana, watu wa pale kwenye genge wanaangalia. Akasema taratibu, "Baba, hii ya vijana, nitafutie nyingine." Sikupenda ile sauti. Siti ya CG ni ndefu, bapa, chini, mtu anakaa tu kama anakaa kwenye benchi, ba'mdogo alikuwa anatubeba watatu wadogo pale bila wa mwisho kuning'inia. Aliyechora ile siti ya kiota hakumfikiria mtu wa nyuma hata dakika moja.

Sasa taa. Hapa nakubali bila kubisha kwamba wa leo wametushinda. Zamani taa ilikuwa duara kwa sababu balbu ni moja na nyuma yake lazima uweke bakuli la kurudisha mwanga, siyo kwamba walipenda duara. LED ni punje punje, unaweza kuzipanga umbo lolote, ndo tukapata haya macho ya kukunja ndita. Lakini mwanga! CG ya ba'mdogo ni ya volti 6, usiku barabara ya Kondoa unaona kama umeshika koroboi, na ukipunguza moto ndo inafifia kabisa. Juzi juzi hapo mbele ya Veyula nilimkuta punda kasimama katikati ya lami, nilimwona akiwa hatua kama kumi, nikapita nikisikia mkia wake kwenye goti. Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Kwa hiyo taa nimesema ibadilike.

Nikamwambia fundi hivi, mabawa rudisha, mkia usiuguse, kasha la cheni lisafishe ulipake nyeusi. Bonde la kwenye tenki ligonge litoke, rangi nyekundu ileile iliyokuwa chini, bila stika, maandishi ya Honda tu pembeni. Bakuli la taa libaki la duara, ndani weka LED. Akasema LED inataka volti 12, nikaona mambo yameisha, lakini akanyanyuka akaenda kwenye rundo la spea nyuma ya kibanda, akarudi na koili ya kuzalisha umeme ya 125 ya Kichina, iliyochakaa kwa nje, akaipuliza vumbi, akaipima kwa mita. "Hii ni ndugu yake," akasema. Akafungua kava la kushoto, akahangaika na waya kama saa nzima na nusu, pleti ya koili ikakaa kwenye matundu yake bila kulazimisha.

Saa kumi na mbili kasoro akapiga kiki. Ya tatu ikashika. Taa tukaishikilia kwa mkono maana bakuli bado halijafungwa, akaielekeza ukutani kwa jirani, ukuta wote ukawa mweupe mpaka watoto wakaja kusimama kwenye mwanga wakicheza na vivuli vyao. Nimempigia ba'mdogo simu nikamwambia, akauliza kwanza kama kasha la cheni bado lipo. Lipo, ba'mdogo.

Tenki limening'inizwa ndani kwa kamba, fundi kasema upepo huu wa mwezi huu akiliacha nje rangi itashika vumbi. Jumanne naenda kulichukua.