Korosho moja, sentensi moja

Mwaka juzi niliitwa kwenye usaili Mtwara mjini, nafasi ya ukarani katika kampuni moja ya mambo ya bandari. Nilifika mlinzi hajafungua hata geti, nimevaa sketi ya kuazima. Ndani walikuwa watu watatu, mmoja mzungu. Huyo ndiye aliyeniuliza kwa nini kazi yangu ya awali niliiacha katikati ya msimu. Jibu nilikuwa nalo tangu kwenye basi: mama aliugua, ikanibidi nirudi Tandahimba. Nikalimwaga bila kukwama: "I must have gone home, my mother was sick."

Mzungu akainua uso. Akaniuliza taratibu kama nina uhakika. Nikamwambia ndiyo, "I must have gone." Akaandika kitu. Wenzake wakaangalia meza.

Miezi ilipita ndipo nikajua nilimwambia nini yule bwana. Nilimwambia: naona nitakuwa nilikwenda nyumbani, maana dalili zote zinaonyesha hivyo. Mtu mzima anabahatisha safari yake mwenyewe! Sentensi niliyoitaka ilikuwa "I had to go." Kazi sikuipata, na sisemi ni kwa ajili ya hilo peke yake. Ile sketi nayo ilikuwa inabana.

Aliyenionyesha kosa ni mwanangu wa kwa dada, yuko kidato cha nne. Nilikuwa namsimulia ili acheke, akacheka kweli, kisha akasema, "Mamdogo, hiyo 'must have' ni ya kukisia, siyo ya kulazimika." Nikabishana naye. Mbona kwetu neno "lazima" linabeba yote mawili? Ukiona jembe halipo ukutani unasema lazima atakuwa ameenda shamba, hapo unakisia. Ukisema ilikuwa lazima aende shamba, hapo hakuwa na namna. Akanijibu kwamba "must" nayo hubeba yote mawili, ila ikishaingia wakati uliopita njia zinagawanyika: kukisia kunabaki na "must have gone", kulazimika kunahamia "had to go". Nilikaa kimya. Miaka minne ya sekondari na hilo sikulipata, au lilifundishwa siku niliyorudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Tangu hapo tunafanya mazoezi jioni tukibangua korosho za kula nyumbani. Moshi wa kuchoma ukishaisha na zikapoa, tunakaa mkekani kila mtu na jiwe lake. Sheria ni korosho moja, sentensi moja. Ukipatia, karanga yako, yaani kiini cha hiyo korosho, inaingia kwenye bakuli lako. Ukikosea, mwenzako anaila mbele yako. Mwezi wa kwanza wa mazoezi mtoto alinenepa.

Kukisia tulijifunzia kwa yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi, ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913, wapagazi wetu wakaibeba vichwani hadi bandari ya Lindi. Leo mifupa yake imesimamishwa katika makumbusho Berlin, kimo mita 13 na ushei. Hakuna aliyemwona akiwa hai, kwa hiyo yote yanayosemwa juu yake ni ya kukisia, na Kiingereza kinakutaka useme umekisia kwa nguvu gani. Shingo ndefu namna ile? "It must have eaten from tall trees", ushahidi upo. Alikuwa na rangi gani? "It might have been grey", ni wazo tu. Alipanda miti? "It can't have climbed trees", haiwezekani hata kidogo. Mfano huo wa mwisho ni wangu, na niliupigia makofi mwenyewe.

Kilichonilia karanga nyingi zaidi ni kitenzi kinachofuata "have". Nilikuwa nasema "must have went", mtoto ananyoosha mkono bila hata kuniangalia. Ni "gone". Na sikio nalo linadanganya, maana wenyewe wakiongea hiyo "have" wanaimeza, "should have" inatoka kama shudavu. Wapo hata wazungu wanaoiandika "should of". Nilipojua hilo nilijisikia vizuri kuliko inavyostahili.

Kwenye majuto ndipo nilipochelewa. Ukimwambia Mswahili "nilipaswa kulipa", anaweza kukuuliza: sasa ulilipa? Kwetu mlango uko wazi. "I should have paid" haiulizwi. Hukulipa, na unajuta au unalaumiwa. Maneno mawili tu na umeshakiri kosa. Sisi tungesema laiti ningelilipa, na watu wangejua kuna kilio ndani yake.

Juzi Mjomba alikuwa amekaa barazani akitusikiliza. Mwaka huu kwenye ghala la ushirika hakupeleka kilo hata moja. Korosho zake aliziuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya ushirika, mwezi wa saba, zikiwa bado maua mtini, kwa bei ambayo sitaiandika hapa. Mtoto akapasua korosho, akasema kwa sauti ya darasani: "Grandfather should have waited."

Sarufi haikuwa na kasoro. Nikamwachia karanga yake. Mjomba akauliza, "Anasemaje huyo?"

"Anasema ulipaswa kusubiri, Mjomba."

"Mbona nilisubiri! Mgonjwa alilazwa mwezi wa tano, nikasubiri wa tano, nikasubiri wa sita wote." Akamgeukia mtoto. "Mwambie babu alisubiri."

Mtoto akainama. Alijua mgonjwa alikuwa nani, alimpelekea uji wodini mwenyewe. Zamu ikawa yangu. Nilishika jiwe muda mrefu nikitafuta, maana sikutaka kukosea, na siyo kwa ajili ya karanga. Mwisho nikasema: "He couldn't have waited any longer."

"Na hiyo?" akauliza Mjomba.

"Hata ungetaka, usingeweza kusubiri zaidi ya pale."

Hakujibu. Aliinuka, akaja hadi mkekani, akachota karanga kiganja kizima kutoka bakuli langu, akarudi kukaa.

"Mamdogo," mtoto akanong'ona, "Babu hajatunga hata sentensi moja."