Sabuni ya mise na gramu zake za dukani

Tangu nihamie kwenye shamba la marehemu bibi yangu, upande wa Simbo mkoani Kigoma, sijanunua sabuni ya kipande, na jamaa zangu wa mjini wakisikia hivyo hudhani kuwa nimeachana na duka. Sijaachana nalo. Ninachofanya ni kuchagua kwa makini kile ninachokifuata huko, na sabuni imenionyesha mpaka huo kuliko mahindi au maharage.

Shamba lenyewe lina michikichi mizee ya aina ya dura, ile yenye ganda nene na nyama kidogo, pamoja na miche michache ya tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi, iliyotokana na juhudi za kufufua zao hili zilizoanza mwaka 2018, ambapo kituo cha Kihinga cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kilipewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Kwa mtu anayetaka mawese, tenera haina mpinzani. Mimi lakini bado naipenda dura, kwa kuwa kokwa yake, tunayoiita mise, ni kubwa, na humo ndimo yanamotoka mafuta ya mise. Mikungu ikishakatwa huachwa siku kadhaa ili matunda yaachie, kisha huchemshwa kwenye pipa na kukamuliwa. Nyuzi zinazobaki huwa kuni za awamu inayofuata. Mise huanikwa, hugongwa moja moja juu ya jiwe, na hiyo ni kazi ya mchana mzima ambayo haina njia ya mkato kwa asiye na mashine.

Sababu ya kuchanganya mafuta hayo mawili ni ya msingi. Mawese yana asidi ya palmitiki kwa wingi, nayo huipa sabuni ugumu ili isiyeyuke ovyo bafuni, ila povu lake ni la uvivu. Mise, sawa na nazi, yana asidi ya lauriki nyingi; povu lake ni jingi na la haraka, lakini yakitumika peke yake huikausha ngozi. Kwa gramu 700 za mawese na 300 za mise natumia gramu 144 za kostiki (hidroksidi ya sodiamu, alkali kali ya dukani inayogeuza mafuta kuwa sabuni) zilizoyeyushwa katika gramu 300 za maji ya mvua, kiasi ambacho huacha takriban asilimia tano ya mafuta bila kugeuka sabuni, na hayo ndiyo yanayoifanya isikwangue mwili. Ninapima kwa mizani, wala si kwa kikombe, kwa sababu kosa la gramu ishirini za kostiki linatosha kutoa kipande kinachobabua.

Kostiki ndiyo humwagwa kwenye maji, kidogo kidogo, na kamwe si maji juu ya kostiki, maana joto hupanda ghafla na mchanganyiko huweza kurukia macho. Nafanya kazi hiyo uani, nikiwa na glavu na miwani, watoto wakiwa mbali. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, nayo kostiki huila alumini na kutoa gesi inayoshika moto, kwa hiyo ndoo nene ya plastiki ni salama kuliko sufuria nzuri kuliko zote jikoni. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wa rejareja hawalisemi: kostiki iliyokaa wazi hunyonya unyevu na hewa ya ukaa, ikapungua nguvu, na mtu akalaumu mafuta yake bure. Mimi hununua ile ambayo bado ni kavu na kuifunga papo hapo.

Maji ya kostiki humiminwa kwenye mafuta yaliyoyeyushwa, na uji unaopatikana ukikorogwa hadi mstari wa mwiko ubaki juu yake, humiminwa kwenye kasha la mbao lililotandikwa nailoni. Siku ya pili hukatwa, kisha huachwa kwenye chanja wiki nne hadi sita. Rangi ya chungwa inayotokana na karotini ya mawese hufifia polepole ikipigwa na mwanga, jambo ambalo wageni husikitikia na mimi silijali.

Shangazi yangu huitazama mizani yangu na kucheka. Yeye anakumbuka uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wakati sabuni ilikuwa bidhaa adimu nchini na watu wakafua kwa majani ya mpapai. "Mwanangu, sisi hatukuwa na gramu, tulikuwa na majivu," huniambia. Majivu ya maganda ya ndizi yaliwekwa kwenye chungu chenye matundu, maji yakapitishwa taratibu, na yale maji ya kahawia yakachemshwa kutwa nzima pamoja na mawese yaliyochacha. Kumbe kuchacha kule kulikuwa na maana. Maji ya majivu yana kaboneti ya potasiamu, ambayo ni dhaifu mno kuyavunja mafuta mabichi, lakini huzishika kwa urahisi asidi zilizokwisha kujitenga katika mafuta ya zamani. Sabuni iliyopatikana ilikuwa laini, ya kuchotwa kwa kidole, nayo ilifua.

Ningeweza kurudi huko na kujisifu kwamba sinunui chochote. Nimeona ni gharama isiyo na sababu, kwani kuni za kuchemshia kutwa nzima hukatwa mahali fulani, ilhali njia yangu huhitaji moto wa kuyeyushia mafuta tu. Sikubaliani pia na wanaotangaza sabuni "isiyo na kemikali". Hakuna sabuni iliyowahi kutengenezwa bila alkali, iwe ya majivu au ya kiwandani. Tofauti ya kweli ni kwamba yangu hubaki na glisirini yake, ambayo viwanda vingi huiondoa na kuiuza kando.

Kuiuza rasmi kungehitaji alama ya TBS, shirika la viwango, na pengine kupitia kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo, safari ambayo kwa sasa siitaki. Vipande vyangu huenda kwa mkwezi, aliyezoea kulipwa kwa sehemu ya mawese na sasa huomba sehemu ya ujira iwe sabuni, na kwa akina mama wanaokuja kunisaidia kugonga mise. Fedha taslimu inayotoka ndani ya nyumba ni ya kostiki peke yake. Bei yake imepanda tena Kigoma mjini, kwa hiyo kabla ya mavuno yajayo itanibidi nikae na mkwezi tupatane upya vipande vingapi kwa mkungu.