Theluji ilivyoguna, tukageuza

Mimi naskii, yaani nateleza kwenye theluji ya milimani kwa mbao ndefu miguuni, nje ya njia zilizoandaliwa, na ilinichukua misimu minne kujifunza kugeuza na kurudi, kwaiyo acha nieleze siku nilipoweza.

Asubuhi ile taarifa ya maporomoko ya theluji ilisema hatari ni ngazi ya 3. Wengi tukiona 3 kati ya 5 tunasema aah katikati tu, kumbe ngazi hazipandi kwa kulingana, na kwenye 3 uzito wa mtu mmoja tu unaweza kuachia mteremko mzima. Afu ilikua imeanguka theluji mpya kama sentimita 40 na upepo ukaisomba usiku kucha kuipeleka nyuma ya ukingo, upande uleule tuliotaka kushukia.

Tulikua wawili, transiva (vifaa vya redio vya kumtafuta aliyefukiwa) tumezipima, kila mtu ana koleo na fimbo ndefu ya kudunga kwenye theluji kumtafuta mtu. Zamani vifaa hivyo nilivichukulia kama ruhusa ya kwenda popote, na hilo ni kosa kubwa, manake aliyefukiwa nafasi yake ya kupona inashuka haraka sana baada ya dakika 10 hivi na kumchimbua tu kunaweza kula muda wote huo.

Tulipofika kwenye tambarare nikaskia "wuumf", mguno mzito wa chini, theluji ikadidimia kidogo miguuni na ufa ukakimbia mbele ya skii zangu kama mita kumi. Mwenzangu akasema, "Si inajikaza tu, hapa tambarare bana." Ni kweli pale haikua na pa kuporomokea, lakini tabaka lililovunjika chini yetu ndo hilohilo linaendelea mpaka mteremkoni.

Mguno ule peke yake ulishatosha kuturudisha, ila nikachimba shimo ili naye aone kwa macho. Kwenye kina cha sentimita 45 hivi kulikua na mstari wa kijivu, nikaukwangua kwa kidole punje zikamwagika kama sukari, hazishikani kabisa. Nikakata nguzo ya theluji ya sentimita 30 kwa 30, nikalaza koleo juu nikaanza kugonga, mara kumi kwa kiganja, hakuna kilichotokea, nikahamia kugonga kutoka kiwikoni, la tatu tu bonge lote la juu likachomoka likaniangukia mapajani, limekatika safi kama droo iliyovutwa.

Alinuna, maana tulishapanda masaa matatu na mteremko ulikua unang'aa bila alama hata moja, na mimi pia niliutamani sana. Ila sharti nilijiwekea kabla ya kutoka nyumbani: nikiskia mguno, siku hiyo sikanyagi wala sipiti chini ya mteremko unaozidi digrii 30, sababu ukishafika juu akili inatafuta tu visingizio vya kuendelea.

Tukarudi kwa njia ya msituni isiyo na mteremko mkali juu yake, nilikua napima haikuzidi digrii 25, theluji laini mpaka magotini, na kabla hatujafika chini mwenzangu akaniomba nimwonyeshe tena ile nguzo inakatwaje.