Uzito wa zege mbele ya trekta ndogo

Hizi trekta ndogo zilizotumika Japani, Kubota, Yanmar, Iseki na wenzake, nyingi zinatufikia na rotaveta (ile mashine ya visu vinavyozunguka kuvuruga udongo) nyuma ila zile chuma za uzito za mbele hazipo. Ukilimia rotaveta unaweza usione shida, ila siku unafunga plau ya disiki utaiona, ukifika mwisho wa shamba ukanyanyua plau ili ugeuze stelingi inakua nyepesi ghafla, unakata kulia trekta inaenda zake moja kwa moja, na ukipanda tuta la jaruba tairi za mbele zinaacha ardhi. Hapo sio pa kuchukulia poa hata kidogo, trekta ikibinuka kwa nyuma dereva hana muda wa kuruka, na nyingi ya hizi hazina hata fremu ya kumkinga.

Uzito wa kiwandani upo ila unaununua kwa bei ya chuma, mi wangu nimeumwaga wa zege na unafanya kazi vizuri tu.

Kwanza piga hesabu. Vitabu vingi vya trekta vinataka angalau 20% ya uzito wa trekta ibaki kwenye ekseli ya mbele. Tuseme trekta ina kilo 1,200, mbele zimekaa 480, toka ekseli hadi ekseli mita 1.6, alafu plau ya kilo 320 ambayo kati yake iko mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukiinyanyua inanyang'anya mbele kilo 300 (320 mara 1.5 gawa kwa 1.6), zinabaki 180 na wewe unahitaji 240. Sasa weka kilo 60 nusu mita mbele ya ekseli ya mbele, zinakupa karibu kilo 79 maana umbali wake unahesabiwa toka ekseli ya nyuma, yani uzito mdogo uliokaa mbali unashinda mkubwa uliokaa karibu. Zege ni kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 48, hizo 60 ni ndoo na robo.

Ila sikilizeni hili ndugu zangu, huo uzito ushikwe na chuma usishikwe na zege. Naona watu wanamwaga zege kwenye dumu wanafunga na kamba au waya mbele ya bampa, barabarani ikikatika inaangukia mbele ya tairi au mguu wa mtu. Fundi wa kuchomelea akuchomee kwanza kitako cha flatibaa (chuma bapa) nene chenye matundu ya bolti yanayokaa sawasawa na matundu ya fremu ya trekta, juu yake achomelee nondo za mm 12 zilizokunjwa zikazunguka ndani ya boksi lote la mbao la kumwagia zege, ndo mnamwaga. Hata zege ikipasuka vipande vinabaki vimeng'ang'ania nondo.

Mchanganyiko saruji moja, mchanga mbili, kokoto ndogo tatu, maji kidogo, zege iwe nzito. Mbao za boksi zipake oili chafu zisigande, shindilia kona zote kwa kipande cha nondo mapovu yatoke, vyuma chakavu unaweza kutumbukiza katikati, chuma ni kizito zaidi ya mara tatu ya zege, ila visiguse ukuta wa boksi maana vitaota kutu na kupasua. Funika na gunia bichi ulimwagilie wiki nzima, na usiufunge kwenye trekta mapema, zege inapimwa nguvu yake ikiwa na siku 28.

Kabla ya kufunga upeleke kwenye mizani ya mpunga uandike kilo zake ubavuni kwa rangi. Bolti weka mbili za mm 16 zenye nati za kufunga, sio hizi laini za milango, na uzikague kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ukirudi kuvuruga tope na rotaveta utoe, maana kwenye jaruba lenye maji uzito wa mbele unazamisha tairi.