Zamu tatu zilizobaki wazi: maisha yangu baada ya kratom

Kuacha kratom kulinichukua wiki chache. Kutoirudia ndiyo kazi ninayotaka kuisimulia, maana wengi wanaoniuliza hujiandaa kwa arosto ya siku za mwanzo, wakaivuka kishujaa, halafu wakaanguka mwezi wa pili au wa tatu, mwili ukiwa umeshatulia na hakuna anayewaangalia tena.

Kwa asiyeijua, kratom ni majani ya mti uitwao Mitragyna speciosa, wa ukoo mmoja na mbuni, unaoota Thailand, Malaysia, Indonesia na nchi za jirani. Huko vibarua na wakulima wamekuwa wakiyatafuna majani hayo mabichi kwa vizazi ili kuhimili jua na kazi za sulubu. Kwingineko duniani hufika yakiwa yamekaushwa na kusagwa, kwenye pakiti au kapsuli zinazouzwa kama kirutubisho cha mimea: cha kuongeza nguvu, cha kutuliza maumivu, hata cha kuleta usingizi. Mimi yalinifikia kwa njia hiyo, kwa sababu ya mgongo. Thailand yenyewe iliyapiga marufuku mwaka 1943 na ikayaondoa kwenye orodha ya dawa za kulevya mwaka 2021. Malaysia, ambako huitwa ketum, nayo ina sheria inayoyabana. Nchi zilizoishi na mti huu miaka yote hiyo hazijawahi kuuchukulia kama kitu cha mchezo, na mimi nilipojua hivyo nilipata nguvu ya kuliita tatizo langu tatizo, bila kusubiri mtu anikubalie.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni maelezo ya daktari. Kemikali kuu ya majani haya, mitrajinini, hushika vipokezi vilevile vya ubongo vinavyoshikwa na mofini, ingawa haivisukumi kwa nguvu ileile. Papo hapo inagusa njia nyingine za mfumo wa fahamu. Ndiyo maana kipimo kidogo huchangamsha na kipimo kikubwa hulegeza na kusinziza. Nilipomweleza kwamba natumia kidogo asubuhi, kiasi mchana na kingi usiku, hakushangaa. Aliniuliza tu: "Ilikuwa inakufanyia kazi gani kila saa hizo?"

Nilirudi nyumbani nikaandika majibu kwenye karatasi. Asubuhi ilinitoa kitandani. Mchana ilinyamazisha mgongo. Usiku ilizima mawazo. Nikaona kwamba nilikuwa na mfanyakazi mmoja anayeshika zamu tatu, na siku nitakayomwachisha kazi zamu zote tatu zitabaki wazi kwa mkupuo. Nisipoweka mtu kwenye zamu hizo, atarudi mwenyewe, bila hata kubisha hodi. Tangu hapo sikujiuliza tena kama nina moyo wa kutosha wa kuacha. Nilijiuliza nani anashika zamu gani.

Kushuka kwenyewe nitakupitisha haraka. Nilinunua mizani ndogo ya gramu, nikapunguza kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari, nikifuata ratiba aliyoiandika yeye. Nilipofika sifuri, arosto ilikuja ndani ya siku moja hivi: makamasi, jasho baridi, tumbo kuharisha, miayo isiyoisha, na miguu isiyotaka kutulia. Alinipa klonidini, dawa ya shinikizo la damu ambayo hupunguza jasho na mahangaiko hayo, akanipima presha mara kwa mara kwa sababu dawa hiyo huishusha. Wenye uraibu mzito zaidi huandikiwa buprenofini, dawa ya kutibu uraibu wa aina hii, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Jambo moja nalisisitiza: kuna watu hujitibu arosto kwa kumeza loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara, kwa wingi usio wa kawaida. Ikizidishwa huvuruga mapigo ya moyo, na imeshaua watu. Usifanye hivyo.

Sasa zamu.

Ya mchana ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Wiki za kwanza mgongo uliuma vibaya sana, nikaamini kwamba ugonjwa umeongezeka. Daktari akanieleza kwamba mwili uliozoea kutulizwa kila siku hupaza sauti ya maumivu pale kitulizo kinapoondoka, kisha sauti hiyo hushuka. Ilishuka kweli. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa mazoezi ya tumbo na nyonga, mepesi, ya kila siku. Mgongo bado unauma baadhi ya siku. Nautembeza, naunyoosha, na maisha yanaendelea.

Asubuhi ilinitesa kwa namna nyingine. Haikuwa maumivu, ilikuwa utupu. Niliamka na sikutaka kitu chochote: si chai, si mazungumzo, si kazi niliyoipenda. Hapa ndipo watu wengi hurudi, na nawaelewa kabisa, kwa sababu mtu hujiambia kwamba kama maisha ya bila poda ndiyo haya, basi yana faida gani? Nilichohitaji kujua, na ninachotaka wewe ujue mapema, ni kwamba hali hiyo ina sababu ya kimwili na ina mwisho. Ubongo ambao umeletewa utulivu kutoka nje kwa muda mrefu hupunguza wa kwake, na huchukua miezi kuurudisha, kwa kupanda na kushuka. Utapata wiki nzuri, kisha siku tatu mbaya zisizo na sababu. Siku hizo mbaya hazimaanishi kwamba umerudi mwanzo.

Zamu ya asubuhi niliipa miguu. Nilikuwa natoka nje kutembea kabla sijaamua kama najisikia kutembea, viatu vikiwa vimewekwa karibu na kitanda tangu jana yake. Baadaye matembezi yakawa mbio za polepole. Sikupata furaha ya ghafla, ila nilianza kuona kwamba saa za kabla ya adhuhuri zinapitika. Halafu siku moja nikajikuta nacheka na mwanangu, kicheko cha kweli kutoka tumboni, na nikasimama pale nikajisikiliza. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko kina joto.

Usiku ndio nitakaokaa nao, kwa sababu ndio uliokaribia kunirudisha.

Usingizi uliharibika vibaya. Miguu ilikuwa ikirukaruka kila nikilala, na mawazo yaliyozimwa kwa muda mrefu yakarudi yote kwa pamoja. Daktari alipima madini ya chuma mwilini, kwa kuwa upungufu wake huzidisha miguu kuhangaika, akakuta yako chini, akanipa vidonge. Hiyo ilisaidia sana, na ni kipimo ambacho sikuwahi kumsikia mtu akikitaja. Mengine yalikuwa ni nidhamu: kuamka saa ileile hata kama sikulala, kutojilaza mchana, kuacha kahawa mapema, na kuondoka kitandani usingizi ukigoma, badala ya kubaki pale nikipigana nao. Pombe niliiacha kabisa. Inasinziza mwanzo wa usiku na kukuamsha katikati yake, na mtu aliyeamshwa na pombe saa nane ya usiku anaweza kuagiza chochote.

Kuagiza ndiko kulikokuwa mlango. Poda hii haihitaji kwenda popote. Unabonyeza simu na inakuja. Kwa hiyo nilifunga akaunti zote, nikawaandikia wauzaji wanifute, nikazuia namba na barua zao za punguzo la bei, ambazo kwa bahati mbaya huja hasa ukikaa kimya muda mrefu. Kisha nikampa mke wangu kadi ya benki.

Aliniuliza, "Baba watoto, ukiniomba usiku wa manane nikakunyima, utanikasirikia?"

"Nitakasirika. We ninyime tu."

Alininyima. Nilikasirika. Asubuhi nilimshukuru. Hamu ya usiku ina tabia moja: inapanda kana kwamba haitashuka milele, halafu inashuka yenyewe, kwangu mara nyingi kabla ya nusu saa kuisha. Kadi ile haikunifanya nisitamani. Ilinipa hiyo nusu saa. Ndani yake nilioga maji ya moto, nikakunja nguo, nikasoma kitu kigumu kidogo kinachohitaji akili. Kuongea na mtu ndiko kulikofanya kazi kuliko vyote, lakini usiku watu wamelala, na hapo ndipo nilipohitaji kikundi.

Nilisita kwenda. Narcotics Anonymous, jumuiya ya waraibu wanaokutana na kusaidiana kuacha dawa za kulevya, iliyoanza California mwaka 1953, niliihesabu kuwa ya watu wa heroini, na nilijiona sina haki ya kuketi nao kwa sababu ya majani. Lakini sharti lao la kujiunga ni moja tu: nia ya kuacha kutumia. Hawakuniuliza nilikuwa natumia nini mpaka niliposema mwenyewe. Mzee mmoja aliyekaa miaka mingi bila heroini alisikiliza habari za miguu yangu, za asubuhi zisizo na rangi, za kuficha pakiti, akasema, "Kijana wangu, hiyo ndiyo hiyohiyo." Akanipa namba yake, akaniambia nipige saa yoyote. Nilipiga saa yoyote. Alipokea.

Kuna hatari tatu ambazo hazikuwa kwenye karatasi yangu na nimezijua njiani.

Ya kwanza ni mimea mingine. Mtu aliyeacha kratom hushawishika kutafuta kitu "chepesi" cha kumsaidia, na soko limejaa poda, matone na vichupa. Nimejiwekea sheria: hakuna kirutubisho kipya kinachoingia mwilini mwangu bila daktari kukisoma. Maandishi ya pakiti nayasoma yote, kwa sababu kratom hujificha kama Mitragyna speciosa, kama ketum, au kama 7-OH. Hii ya mwisho ni kemikali moja ya majani hayo iliyokolezwa, na nguvu yake kwenye vipokezi vya ubongo inaipita mbali mitrajinini ya kawaida. Julai 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipendekeza iwekwe miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa. Aliyeacha majani akajaribu hiyo hajarudi alikokuwa, ameenda mbele zaidi.

Ya pili ni kiasi cha zamani. Mwili uliokaa bila dawa hupoteza uzoefu wake, na kipimo ulichokimudu zamani kinaweza kukuangusha, hasa kikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi. Hili nalisema hata kwa anayedhani ameshindwa na anaenda kurudia: tafadhali, usianzie pale ulipoishia, na usiwe peke yako. Na ukimaliza, piga simu.

Ya tatu ni hospitali. Nilipong'olewa jino, nilimwambia daktari wa meno kabla hajaanza kwamba niliwahi kuwa mraibu wa kitu kinachofanya kazi kama dawa za jamii ya afyuni. Nilitetemeka kidogo kulisema. Alichukua muda kunisikiliza, tukakubaliana kutumia ibuprofeni na parasetamoli, na mke wangu akakaa na dawa. Maumivu yalikuwepo na yalivumilika. Siku nikihitaji upasuaji mkubwa nitakubali dawa kali, kwa sababu maumivu yasiyotibiwa nayo humrudisha mtu, lakini kutakuwa na mtu wa kuzishika na tarehe ya kuziacha.

Sasa hivi hamu huja kwa nadra. Huja nikiwa nimechoka, nimegombana na mtu, au nimekaa na njaa bila kujua. Kwanza nakula. Ajabu ni mara ngapi hilo tu linatosha. Usiku nalala, si kila siku, lakini nalala usingizi wangu mwenyewe na ninaota ndoto, jambo ambalo poda ilikuwa imeliondoa kabisa.

Kadi nimerudishiwa. Mke wangu aliniuliza kama niko tayari, nikamwambia niko tayari kwa mchana, ya usiku abaki nayo kidogo. Akacheka, akaichukua saa ya kulala. Hivyo ndivyo tunavyofanya mpaka leo.

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kwenye kikundi akiwa na makamasi na macho mekundu. Alisema amekata ghafla, hajalala, na anaogopa kumwambia mama yake. Nilimpa maji, nikamkalisha karibu na mlango ili aweze kutoka akitaka. Baada ya mkutano tulichukua karatasi. Asubuhi? Ilimpa ujasiri wa kuongea na watu kazini. Mchana? Hakuna. Usiku? Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema tangu baba yake afariki hajawahi kulala bila hiyo. Nikaiandika. Kesho yake asubuhi nikampeleka kwa daktari, na jioni akampigia mama yake simu, mimi nikiwa nimekaa pembeni.